Chakula cha Kisosi

Hamdiya na Mize walinenepa pamoja. Ndivyo watu wa Wawi, kisiwani Pemba, walivyowajua tangu skuli: ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali, na wote wawili wanatafuna kitu. Walipokuwa watu wazima wakawa wapishi wa shughuli. Harusi za Wawi, za Chake, hata za Wete, pilau walipika wao. Wageni wakishaondoka, wawili hao hukaa uani kwenye mkeka, sinia katikati, wakala na kuwasema watu mpaka usingizi uwachukue.

Hamdiya aliachwa na mumewe zamani na hakujaaliwa mtoto. Mize alifiwa na mume, na watoto wake walihamia Unguja. Kwa hiyo chakula cha jioni walikula pamoja kila siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Kisha magoti ya Hamdiya yakaanza kukataa kumbeba. Sukari nayo ikapanda, ikawa haishuki kwa vidonge. Kaka yake, Nassor, aliyekuwa akiishi Muscat, akampeleka huko akafanyiwa operesheni ya tumbo. Madaktari walikata sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula, wakamwachia kipande chembamba mfano wa ndizi. Alirudi Pemba katika mwaka wa uchaguzi, bendera za vyama zimefungwa mpaka kwenye nguzo za umeme.

Jioni aliyofika, Mize alimpikia bokoboko la kuku, ngano iliyosongwa na nyama, samli imeelea juu. Hamdiya akaomba kisosi cha kikombe cha chai.

"Kisosi cha nini, shoga?"

"Cha kulia. Ndicho kipimo changu sasa."

Mize akacheka, akadhani ni mzaha. Hamdiya akajitilia kijiko kimoja, akala. Lilikuwa tamu, na Mize alikuwa anamtazama, basi akaongeza cha pili na cha tatu, haraka haraka kama zamani. Kifua kikambana. Akatoka mbio mpaka kwenye ukuta wa uani, akatapika yote.

Aliporudi akipangusa midomo, Mize alikuwa ameshafunika sinia.

"Chakula changu kimekuwa sumu?"

"Si chakula, Mize. Ni tumbo. Nimekwenda haraka."

"Haya," Mize akasema. "Pole."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Hamdiya kupika. Mize hakutokea. Alituma salamu kuwa kichwa kinamuuma.

Kilo zilimtoka Hamdiya kwa kasi mwanzoni. Mabuibui yake yakawa yanamning'inia kama ameazima. Wanawake sokoni walimwamkia kwa upole wa kupita kiasi, ule upole wa kumwamkia mgonjwa asiyepona, na akishawapa mgongo husikia wakinong'ona. Kwenye harusi moja bibi mmoja aliuliza kwa sauti: "Mpishi gani huyu haonji chungu chake?" Hamdiya alimtupia macho Mize ili amtetee. Mize alikuwa akikoroga mchuzi, na aliendelea kukoroga.

Baada ya harusi ile Mize akawa anachukua kazi peke yake.

Hamdiya alibaki na nyumba na mizani. Asubuhi alipima, akala kijiko cha uji, akapima tena. Na mizani, iliyokuwa ikimpa habari njema kila wiki, ikasimama. Ikasimama wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alihisi amehiniwa na kitu pekee kilichokuwa kikimsemesha. Katika simu alikuwa na kitu cha kuhesabia kalori. Akazipunguza, na mizani isitikisike. Akaacha yai la asubuhi. Akaacha samaki wa mchana. Akaanza kutembea: mwanzo mpaka njia panda, kisha mpaka Chake, kisha akawa anashika barabara ya Ole mpaka jua liwe kali.

Mwanamke peke yake kutembea kila asubuhi, hana kikapu, hana jembe, hana anakokwenda, lilikuwa jambo geni. Mzee Mjaka, aliyekuwa akikaa kwenye baraza ya duka lake, alimsimamisha siku moja.

"Bi Hamdiya, salamu nimekupa jana, leo nipe jawabu. Wewe wafanyia kampeni chama gani?"

"Sifanyi kampeni, mzee. Natembea tu."

"Watembea wenda wapi?"

"Siendi pahala. Nakwenda na kurudi."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Lete japo mwenzio, basi. Njia bila mazungumzo ni ndefu."

Jioni ile Hamdiya alipiga moyo konde, akaenda kwa Mize kumwomba watembee pamoja. Mize alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Nitembee nawe ili watu watuweke sambamba?" akasema. "Waseme, mmoja kapona na mwengine kabaki gunia?"

"Hakuna atakayesema hivyo."

"Wamekwishasema, Hamdiya. Wewe ndiye huwasikii, washughulika na kilo zako."

Hamdiya alirudi nyumbani na hakula kitu. Hata njaa hakuisikia. Tangu operesheni njaa ilimhama, na sasa alijivunia hilo, akaona ni ushindi wake. Asubuhi nywele zilitoka na chanuo, fungu zima. Akavaa mtandio akatoka.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kandokando ya barabara ya Ole watu walikuwa wamezianika mikekani, na harufu ile kali ilimwingia kichwani. Aliona miti inapauka, halafu inazunguka. Alitaka kukaa, lakini ardhi ilimtangulia.

Alipofumbua macho alikuwa amelala juu ya mkeka wa karafuu za watu, nyingine zimemwagika mchangani, na mwanamke asiyemjua amemwinamia na kikombe cha maji.

"Karafuu zako," Hamdiya akasema.

"Ziache karafuu. Mimi Mgeni, hapa kwangu. Una mimba wewe?"

"La."

"Una maradhi?"

"Nilikuwa nayo. Sasa sijui."

Bi Mgeni alimnywesha maji funda moja moja, akamkalisha kivulini, akampa mtindi. Hakumuuliza tena. Alirudi kuzoa karafuu zake huku akimtupia jicho. Hamdiya alipokuwa akilamba kijiko, machozi yakamtoka, kwani hakuwa amekula mbele ya mtu tangu siku nyingi.

Siku hiyohiyo alimpigia simu Bi Aseel, mwuguzi wa lishe wa kule Muscat, aliyekizungumza Kiswahili cha bibi yake. Alimweleza yote, hata yale ya kuona aibu.

"Ulifikiri mizani imekugomea kwa uvivu wako," Bi Aseel akasema. "Mwili wako una hofu, bibi. Umeunyima chakula, ukauongezea kazi, nao ukaona huu ni mwaka wa njaa. Basi unabana matumizi. Unachoma kidogo, na unakula nyama ya misuli yako. Nyama ikipungua, moto nao unapungua."

"Sasa nifanye nini? Nikila ntanenepa."

"Utakula. Yai, samaki, maharage, mtindi, kidogo kidogo, mara nyingi, hivyo kwanza kabla ya wali. Maji usinywe pamoja na chakula. Vidonge vyako vya vitamini usiviache. Na mwendo upunguze. Badala yake keti kwenye kiti na uinuke, uketi na uinuke. Nyanyua ndoo. Misuli ndiyo itakayokulia mafuta."

"Na zile nywele?"

"Zitarudi. Kuna mtu hapo wa kula naye?"

"Hakuna."

"Basi kula hivyohivyo," Bi Aseel akasema taratibu.

Alikula hivyohivyo. Alitandika mkeka, akaweka kisosi, akatafuna mpaka chakula kiwe uji, akimsikiliza jogoo wa jirani na magari ya kampeni yakipita na vipaza sauti. Siku kadhaa mizani ilipanda, akalia, lakini hakuacha yai. Uchaguzi ukaja, ukapita, bendera zikachanika kwa mvua. Mizani ikaanza kushuka tena, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Siku alipohakikisha kuwa imeshuka kweli, alimpigia Nassor. Hakupokea, yuko kazini. Bi Aseel simu yake imezimwa. Akatoka nje, hana wa kumwambia, na miguu ikampeleka kwa Mize.

Mize alikuwa akifua. Mikono imejaa povu, shuka limemlemea kwa maji.

"Mizani imeanza kushuka tena," Hamdiya akasema.

"Mashaallah," Mize akajibu, macho yakiwa kwenye beseni. Kisha, akiligeuza shuka: "Umekula?"

"Nimekula. Samaki na maharage."

"Vikakaa?"

"Vimekaa."

Mize alinyanyua ncha moja ya shuka. Hamdiya alikamata ncha ya pili ya shuka. Wakalisokota, huyu kulia, yule kushoto, maji yakawamwagikia miguuni, na walipokwisha kulianika, Hamdiya akaaga. Mize hakumzuia. Alisema tu kuwa Ijumaa ana kazi ya maulidi, na vyungu ni vizito kwa mtu mmoja.