Kompyuta ya Shagufta

Kumwonea wivu mke mwenza aliye hai kuna nafuu yake. Utamnunia, utampiga vijembe, na siku moja atakosea nawe utacheka. Mke mwenza wa Nudrat alikuwa kaburini, na marehemu hakosei.

Shagufta alifariki kabla Nudrat hajaolewa, lakini katika duka la mumewe Zaheer la kupanga kurasa za vitabu kwa ajili ya kuchapwa, pale Urdu Bazaar, Lahore, wateja walikuwa bado wanamtaja yeye. Mara mistari yake ilivyonyooka, mara kurasa zake zilivyopumua. Nudrat alikuwa na diploma ya kompyuta, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Kisha kompyuta kuukuu ya Shagufta ikafa. Siku hiyo Nudrat alipika nihari, mchuzi wa nyama wa sikukuu, kwa furaha. Mshairi mmoja mzee, Hashmi, alitaka diwani yake aliyoipanga Shagufta ichapwe tena, na sasa ingebidi ipangwe upya kuanzia herufi ya kwanza. Atakayeipanga ni nani kama si yeye? Hatimaye duka lingekuwa na mkono wake.

Lakini diski ilikuwa nzima, na Zaheer akaja na habari alizozipata kwa majirani. Programu ya zamani ya Kiurdu haikubali mashine mpya, ila kuna programu za bure zinazounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli, na ile ya zamani ikaishi humo kama ilivyokuwa. Akamwomba mkewe azijaribu, achague inayofaa.

"Mjuzi wetu ni wewe," alimwambia. Ilikuwa sifa ya kwanza tangu waoane, na alimpa kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Nudrat akajaribu tatu. Ya kwanza ilimuuliza maswali kama ya posa, kisha ikasema bure yake ni ya nyumbani tu, si ya dukani. Ya pili ilikuwa bure kwa kila mtu, na haikuchukua muda Shagufta akajaa kwenye kioo: picha yake ya mawaridi, mafaili yake yamepangwa safu safu, diwani nzima iko tayari. Nudrat akaifunga. Jamani, hata kufa mtu haachi nafasi? Ya tatu nayo ilikuwa bure, lakini ilijikongoja, naye akaipunguzia kumbukumbu mpaka ikawa inapumua kwa shida. Hiyo ndiyo aliyomwekea mumewe. Akamwambia nyingine zimekataa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Zaheer hakuwa mtu wa kungoja hata chai ichemke. Atahangaika nayo kidogo, atatukana, kisha atasema, Nudrat, hebu ipange wewe.

Zaheer hakutukana. Baada ya sala ya alasiri alivuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza, nao ukawa unashuka mstari baada ya mstari. Akakaa mkono shavuni, akiungojea kila mmoja. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Mteja akiingia anaambiwa asubiri. Nudrat akimsemesha anaitikia kwa kuguna. Kwa ile programu ya haraka mtu huyu angechapa kurasa zake akainuka. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyemketisha na Shagufta jioni nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wivu ukamzidi.

Mwishowe akashindwa. Akasimama nyuma ya kiti.

"Zaheer sahib, nilikudanganya. Ile ya pili haikukataa, inafanya kazi, tena haraka. Nikikuwekea, diwani utaimaliza leo leo."

Akangoja amfokee. Alitamani amfokee, maana hasira hiyo ingekuwa yake peke yake.

Zaheer hakugeuka. Mstari mwingine ulikuwa unaanza kujitokeza.

"Niachie hii hii," alisema. "Shagufta naye alikuwa taratibu hivi hivi, nami nilikuwa namgombeza kila siku."