Pipa la Wiki Sita

Wifi alinipokea mlangoni akitabasamu. "Leo pumzika, wifi yangu. Samaki wako nimeshawabadilishia maji."

Moyo ulinilipuka paa. "Ya pipa lipi?"

"La juzi, maji mapya kabisa ya bahari. Au ulitaka niwatilie yale yaliyochacha wiki sita?"

Maji ya bahari yakifungiwa pipani, viumbe vyake vidogo hufa na kuoza. Siku za mwanzo hewa huisha na amonia, sumu ya uozo huo, hupanda. Maji hutulia na kuwa salama baada ya wiki kadhaa gizani. Sumu ni yale mapya! Wimbo huu nimeuimba humu ndani hadi koo likanikauka.

Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakihema. Nilidondosha dawa ya kupimia amonia kwenye kichupa cha maji yao, na dakika haikuisha yakawa kijani, rangi ya sumu. Yule samaki wa miaka tisa, niliyeachiwa na marehemu mama, alikuwa amelala ubavu.

Maji ya zamani yangewaokoa. Nilikimbilia stoo. Pipa nililikuta limefudikizwa, linang'aa, linanukia sabuni.

"Hilo nilishalimwaga," wifi alisema nyuma yangu. "Lilikuwa linakujazia nafasi tu."