Hatua Niliyoiruka

Jana niliota, tena si usiku. Ilikuwa saa nane mchana, nimekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwangu, mjukuu analia mapajani, usingizi ukanipitia bila hata kubisha hodi.

Nieleze kwanza huyo mtoto alikuwa analilia nini, maana ndoto yote ilitokea hapo.

Binti yangu Milembe alikuja kwangu Tabora kujifungua, kwa kuwa uzazi wa kwanza kwetu mtu hurudi kwa mama yake. Akapata mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na kitu. Kitovu kilipoanguka nikampa jina la mama yangu mzazi, Nyanzala. Jioni ile ile mtoto akaanza kulia na kukataa ziwa. Jana asubuhi tukampeleka zahanati. Nesi akampima kila mahali, akasema haoni ugonjwa, tumkamulie maziwa tumpe kwa kijiko, na kama hatanyonya mpaka kesho asubuhi tumrudishe alazwe.

Sasa kwetu Wanyamwezi mtoto anayelia hivyo anadai jina. Unamwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na likifika lake ananyamaza na kunyonya. Nikamwitia. Nilianza na kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto, Mungu awarehemu. Akalia. Nikaita Holo, nikaita Minza, nikaita Ng'wasi. Nilifika majina ishirini na matatu, la mwisho la mzee mmoja ambaye hata si ndugu, alituuzia mbuzi tu. Akalia.

"Mama, yamekwisha?" Milembe akaniuliza.

"Yamekwisha, mwanangu."

Basi akawasha gemu lake. Msimcheke. Hilo gemu, Ruko, amelicheza tangu yuko darasa la nne na toleo la kwanza, na sasa wamefika la tisa, na bado akizidiwa na mawazo ndilo kimbilio lake. Ruko ni chura amevaa mabuti ya mvua. Kazi yake ni kwenda upande wa kulia na kuruka mashimo. Macho yangu yakawa kwenye televisheni, sikio kwenye kilio. Hapo ndipo nilipopotelea.

Nimesimama juu ya tofali. Tofali liko hewani, halijashikiliwa na kitu chochote. Nimevaa khanga yangu ya kila siku na ndala zangu za bluu, ile ya kushoto kamba yake nimeifunga kwa waya wa shaba tangu mwaka juzi. Kwenye pindo la khanga nahisi vitu vitatu vimefungwa kama chenji.

"Hizo ni roho zako," tofali linaniambia. "Unazo tatu. Usizitumie ovyo."

"Na zile namba juu?"

Angani imeandikwa 300. Halafu 299. Mjukuu wangu analia huko huko juu ya mawingu, kilio chake ndicho muziki wa mahali hapa.

"Ni muda. Zikifika sifuri utaamka vilevile ulivyolala, na mtoto ataendelea kulia. Utaratibu ni kunipiga kichwa kutoka chini, nikupe nguvu."

"Nina miaka sitini na minane."

Tofali likafikiri. "Basi bisha hodi."

Nikabisha. Likatoa kikombe cha uji wa ulezi. Nikanywa, magoti yakaacha kuuma. Nikataka kurudi nyuma kidogo kuchukua miwani yangu, kumbe nyuma nchi inakunjwa kama mkeka. Nyasi zimekwisha, kiti cha plastiki kimekwisha.

"Kushoto hakupo tena," tofali likasema. "Hapa watu wanakwenda kulia tu. Kila dunia ina hatua nne. Ya nne ina mlango, na nyuma ya mlango ndiko kuna unachokitafuta."

"Natafuta jina."

"Wengi wanatafuta ufunguo. Lakini sawa."

Nikashukuru nikaondoka.

Hatua ya kwanza ina kibao: KULWA. Ni nyasi tupu na shimo pana lisilo na daraja. Juu ya shimo unakwenda na kurudi ubao mmoja, kwenda na kurudi, bila haraka. Nikaujua kwa mwendo wake. Ni kaka yangu.

"Kaka Kulwa, wewe si ulishafariki?"

"Ndiyo. Sasa nabeba watu. Panda."

Alipokuwa hai alikuwa anabeba watu kwa baiskeli pale stesheni, kwa hiyo sikushangaa. Nikapanda.

"Umenenepa, Kashindye," akasema katikati ya shimo.

"Ni uji wa tofali. Kaka, mtoto wa Milembe anadai jina. Si lako?"

"Ulishamwitia langu, akalia. Mimi nimeridhika. Shuka, nina abiria mwingine."

Nikashuka, na nilikoshuka ni jikoni kwangu, ila pamekuwa barafu. Sufuria zinateleza zenyewe. Mwiko umenipita unanisalimia shikamoo. Kibao kimeandikwa DOTO, na angani imebaki 170. Na ubao wa pili huo hapo, sawasawa na ule wa kwanza, ila huu ni wa kijani.

"Kaka Doto, mbona ni wewe yule yule?"

"Mimi ni yeye. Wamenipaka rangi."

"Si haki hiyo."

"Hata tulipokuwa hai walifanya hivyo. Mama alitushonea kaptura kitambaa kimoja, yangu akaitia rangi ili atujue. Panda upesi, mimi nateleza."

Nikapanda mguu mmoja. Ule mwingine ukabaki. Nikaanguka shimoni, polepole, na nikiwa njiani ndala ya kushoto ikachomoka ikatangulia. Nikasikia roho moja inafunguka kwenye pindo la khanga. Nikajikuta juu tena, mguu mmoja wazi kwenye barafu, 120.

"Ndala yangu," nikasema.

"Kinachoanguka huko hakirudi huku," Doto akasema. "Lakini kuna mtu huwa anapita chini. Panda, mdogo wangu. Miguu yote miwili."

Tukavuka. Baada ya barafu nikatarajia kibao cha tatu. Sikukiona. Mbele yangu pana ukuta mrefu mpaka mawinguni, mlango mmoja wa mninga, na kibao: KASHINDYE. Nikafurahi. Nikajisemea, jina langu hilo, mlango ni wangu, nitaingia nichukue jina la mtoto nirudi.

Kinyonga amekaa mlangoni kwenye kigoda. Mkubwa kama ndama. Jicho moja linaniangalia mimi, lingine linaangalia namba. 98.

"Habari za leo, Bibi. Huwezi kuingia."

"Jina liko hapo juu. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Umeruka hatua."

"Sijaruka hata moja. Nimeanguka tu."

"Kibao cha kwanza Kulwa. Cha pili Doto. Hapa ni cha nne." Akakunja vidole vyake, ambavyo kwa kinyonga huwa vimekwisha kukunjwa tayari. "Na kabla sijakuuliza habari ya cha tatu kuna ada ya mlango. Nipe jina."

"Wewe huna jina?"

"Ninayo mengi mno. Toleo la kwanza niliandikwa Adui Namba Sita. La tatu wakaniita Bwana Mlango. La tano Profesa Ulimi. La nane walinitoa kabisa, wakaniweka kwenye orodha ya Wengineo. Watu wanadhani mimi ni wa kubadilika. Rangi yangu sijaibadilisha tangu toleo la kwanza, Bibi. Wanaobadilisha ni wao."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesoma tangazo. Nikamhurumia.

"Ulizaliwa wapi?"

"Njiani. Walikuwa wanatoka dunia ya pili kwenda ya tatu."

"Basi huna haja ya kubuniwa. Kwetu mtoto ambaye mama yake alikuwa mtu wa kutembea anaitwa Mayunga. Jina hilo halibadilishwi, hata ukihamia mjini."

"Mayunga," akasema. Jicho lililokuwa linaangalia namba likageuka likaniangalia nalo. Nadhani ni mara ya kwanza macho yake yote mawili kukubaliana. "Asante. Sasa nitakusaidia. Kitendawili."

Hapo akanipata. Mimi kitendawili sikiachi hata nyumba ikiungua.

"Tega," nikasema.

"Wa nne amefika. Wa kwanza amemwona, wa pili amemwona. Wa tatu hajamwona hata siku moja, lakini kila anapoitwa jina lake, ni wa tatu anayeitikia kwanza."

Nikafikiri. 71. Nikasema ngazi. Akasema sivyo. Nikasema kidole cha pete. Akasema umekaribia, lakini sivyo.

"Bibi, kwenu wanaitaje mapacha?"

"Kulwa na Doto."

"Anayezaliwa baada ya mapacha?"

"Shija. Lazima awe Shija."

"Na anayemfuata Shija?"

"Kashindye," nikasema.

Sitini na minane. Miaka yote hiyo naitwa Kashindye sokoni, kanisani, kwenye kitambulisho, na sikuwahi kujiuliza nimemfuata nani. Nilimkuta Kulwa, nilimkuta Doto. Mama hakutuambia zaidi, naye mama hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Nilikuwa nimewaita wafu wote niliowajua, mpaka muuza mbuzi. Ambaye sikumjua sikumwita.

"Iko wapi hiyo hatua?" nikauliza.

"Hapo ulipo. Ni fupi, watu wanaivuka bila kuiona. Piga magoti."

Nikapiga magoti, nashukuru ule uji. Kati ya barafu na mlango pana ua mdogo umefagiliwa, upana wake kama kitenge. Hakuna shimo, hakuna adui, hakuna cha kuokota. Kibatari kinawaka ingawa ni mchana. Kibao ni kidogo kama kiberiti: SHIJA. Chini yake wameandika, siku kumi na moja.

Kwenye mkeka amelala mtoto mchanga. Ananitazama kama mtu mzima.

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini, lakini niliona ndivyo ilivyo.

"Marahaba, mdogo wangu. Umezeeka."

"Ndiyo, dada."

"Mimi sikupata nafasi. Hatua yangu ilikuwa na siku kumi na moja. Lakini niliimaliza, wasikudanganye. Usingekuwa wa nne kama sikuimaliza."

"Nisamehe. Nilikuwa sijui."

"Hukuambiwa. Mama alikuwa hawezi kulitaja bila kukaa chini, na alikuwa na kazi nyingi za kusimama." Akapiga mwayo mdogo. "Sijakasirika. Nimechoka tu kuhesabiwa bila kuitwa. Wewe unaitwa kila siku, ukiitwa mimi nageuka. Niite na mimi mara moja, tena kwa sauti."

Juu imebaki 9. Mtoto wa Milembe amelia mpaka sauti imekauka, muziki unakwaruza. 6. Ulimi umekuwa mzito, nao mkeka wa nchi umekunjwa umefika kwenye visigino vyangu. 3.

"Shija," nikasema.

Nikaamka nimelisema kwa sauti hiyo hiyo, Milembe akaruka na pedi ya gemu mkononi.

"Nani, Mama?"

Nilimwinamia mtoto, uso umemwiva, ngumi amezikaza. "Shija," nikamwambia. "Shija wa Nyanzala. Dada yangu. Karibu nyumbani."

Akakatisha kilio katikati, kama mtu aliyesikia anaitwa barabarani. Akageuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili. Halafu akaanza kutafuta kwa mdomo kwenye khanga yangu, ambako hakuna kitu tangu Milembe mwenyewe alipoachishwa.

"Mchukue, haraka," nikasema.

Milembe akamweka kifuani. Akalishika ziwa. Tukasikiliza wote, na sebuleni hapakuwa na sauti nyingine ila ile ya kumeza, gu, gu, gu. Milembe machozi yanamtoka na anacheka. Mimi nikabaki nimekaa, napumua kama niliyetua gunia la mahindi.

Nikamweleza habari ya mama yangu na watoto wake wa tatu na wa nne. Ndoto sikumweleza. Mtu akiwa ananyonyesha kwa mara ya kwanza baada ya kilio kile humchanganyi na habari za matofali.

"Kwa hiyo kesho haturudi zahanati," akasema.

"Tutarudi, wampime uzito. Tutakwenda tunatembea, wala si kukimbia."

Nikashusha miguu kutafuta ndala zangu. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto sikuiona. Nikaangalia chini ya kiti, chini ya meza, nyuma ya mlango. Milembe akasema labda mbwa wa jirani, nikasema labda.

"Mama, halafu ulipolala nimevuka ile hatua iliyonishinda wiki nzima," akasema, huku anamlinda mtoto kichwa. "Yule kinyonga wa mlangoni kanifungulia mwenyewe, sijamfanya chochote. Nimecheza matoleo yote, hajawahi kufungua. Na jina wamembadilisha tena."

"Hawatambadilisha tena," nikasema.

Nikaikaribia televisheni, maana miwani sikuwa nayo. Kinyonga amesimama mlangoni, amesimama kweli, kigoda amekiacha. Macho yote mawili yanatazama huku kwetu. Na mguu wake mmoja, wa kushoto, amevaa ndala ya bluu, kamba imefungwa kwa waya wa shaba.

"Zima tu, mwanangu," nikamwambia Milembe. "Mwache avae, ametembea sana."