Makofi ya Mji wa Saba

Siku ile sebule ya mama yao ilijaa hadi wengine wakakalia mikono ya makochi. Kaka mtu alikuwa amewaita ndugu, wapigaji wa bendi yake na fundi wa sauti waje kusikiliza albamu mpya, iliyorekodiwa jukwaani katika ziara ya miji kumi na miwili. Kwenye jalada iliandikwa kwa herufi nene: "Kama ilivyokuwa, bila kurudiwa."

Dada yake, ambaye bendi nzima ilimwita Kengele, alikaa karibu na spika makusudi. Alisubiri wimbo mmoja tu. Katika mji wa saba, katikati ya wimbo wa mwisho, sauti ilimkatika kaka kama kamba mbovu. Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Kengele, mwitikiaji wake wa miaka tisa, aliyezoea kusimama nyuma ubavuni mwa ngoma, akaudaka ubeti wa tatu kabla haujaanguka, akauimba mpaka mwisho. Ukumbi mzima uliinuka. Mwanamume mmoja alipiga mluzi mrefu hata mpiga ngoma akacheka. Tangu hapo Kengele aliwahadithia mashangazi, majirani na msusi wake, na kila alipohadithia, mluzi ulizidi urefu.

Wimbo ukafika. Shangazi akamkanyaga mumewe mguu anyamaze. Ubeti wa tatu ukaanza, na aliyeuimba alikuwa kaka. Sauti safi, imeoga, imepakwa mafuta. Kisha makofi yakalipuka, na mluzi ule ule.

Watu wakainamia vikombe vyao kana kwamba chai ina maandishi.

Damu ikampanda Kengele hadi masikioni. Kufutwa peke yake angemeza. Kwenye muziki ameshameza mengi. Lakini makofi?

"Huu umeuimba lini?" akauliza.

Kaka akajikuna shingo. Akasema muziki una taratibu zake, watu wanataka kumsikia yeye, na hata hivyo dada ni mtu wa nyumbani, hawezi kugombania ubeti mmoja.

"Basi futa na makofi. Yule wa mluzi alinipigia mimi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya boksi la spika unakunywa maji ya moto."

Mume wa shangazi akacheka, akakanyagwa tena. Kaka akaanza kupandisha sauti, kwamba bila yeye hakuna bendi wala ziara, ndipo mama, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akaomba wimbo urudishwe nyuma. Wakaurudisha. Akausikiliza ameinamisha kichwa.

"Mbona namsikia binti yangu ndani ya ngoma?"

Wote wakamgeukia fundi wa sauti. Naye hakuwa na pa kujificha ila nyuma ya kikombe. Akakiri kwamba sauti ya maikrofoni ya Kengele aliizima studioni kama alivyoagizwa, lakini jukwaani dada alisimama karibu mno na ngoma, na maikrofoni za ngoma zilimnasa. Kumtoa kabisa, lazima ngoma zipigwe upya.

Macho yakahamia kwa mpiga ngoma, mzee mmoja ambaye maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa wiki.

"Sirudii," akasema. "Jalada linasema bila kurudiwa. Miwani ninayo."

Kicheko kikapasua chumba. Kengele hakucheka. Kaka akatazama mlango, akamtazama mama, akaona hana pa kushika. Akamwambia fundi amrudishe dada kwenye ubeti wake. Kisha, akitaka heshima imbakie walau kidogo, akatangaza kwamba ataongeza mstari kwenye jalada: dada yangu alinisaidia.

Kengele akasimama. Akaichomoa kalamu mfukoni mwa fundi, akaibwaga juu ya jalada mbele ya kaka yake.

"Sikukusaidia. Niliimba. Andika hivyo."

Akabaki amemsimamia, mikono kiunoni, mpaka neno la mwisho lilipokauka wino.