Kasuku Aliyejipa Heshima

Siku Prasetyo alipoleta kasuku wawili wadogo nyumbani, mmoja wa kijani na mwingine wa buluu, mama yake aliinama mbele ya tundu, akawatazama vizuri pale juu ya mdomo, penye rangi ya kutambulisha dume na jike, akasema, "Wote madume." Basi. Akarudi jikoni kwake.

Bu Suwarni, yaani Mama Suwarni, hakuwa mgeni wa ndege. Marehemu mumewe alifuga njiwa wa kuimba, akimpandisha juu ya mlingoti kila asubuhi, kisha anakaa chini na chai yake kumsikiliza. Ndege wa namna hiyo hachezewi, huheshimiwa. Hawa wadogo wenye kelele, wa kufugwa chumbani na kuchekewa, aliwaona ni upuuzi wa watu wasio na kazi.

Lakini mkwewe Tiurma alikuwa na kazi, tena nyingi. Alichora kadi za harusi mezani kwake kutwa nzima, na upweke wa kutwa nzima ndio uliomfanya mumewe awanunue wale ndege. Tiurma alikuwa Mbatak wa kando ya ziwa Toba, watu wa sauti ya juu, wanaoweza kugombana na kukumbatiana kabla chai haijapoa. Kuolewa kwake Kotagede, kwa Wajava wanaoongea kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili, kulimfunza kunyamaza.

Si kwamba mama mkwe alikuwa mkali. Angekuwa mkali, Tiurma angejua la kufanya. Taabu ilikuwa adabu yake. Na Kijava, kwenye adabu, hakina mchezo. Tendo la kula tu lina maneno matatu. Mtu unayemheshimu, yeye anadhahar. Wewe mwenyewe ukiongea mbele ya wakubwa, unajishusha, unanedha. Na wa nyumbani kwako, mwanao, damu yako, huyo anamangan tu. Bu Suwarni alimwambia Prasetyo mangan, akawaambia hivyo hivyo hata watoto wa jirani waliopita kuomba maji. Ila Tiurma, yeye aliambiwa kwa Kiindonesia, lugha ya ofisini: "Karibu chakula, Mbak." Mbak ni dada wa dukani, dada wa benki. Mwaka wa pili huo, na bado alikuwa dada wa benki.

Ndipo Prasetyo akapata nyumba ya kupanga kule Sleman. Mwenye nyumba alitaka jibu mwisho wa mwezi.

"Wewe ndiye wa kusema, Dik," alimwambia mkewe. "Mimi nikisema, mtanilaumu wote wawili."

"Mama anasemaje?"

"Anasema vyovyote mtakavyo. Unamjua."

Tiurma hakutaka kuhama. Wala hakutaka kuzeeka akiwa mgeni mezani pa mama mkwe. Akajipa mwezi ule. Kama Kijava ndio mlango, atajifunza Kijava. Ila ajifunze na nani? Mumewe alikuwa akimcheka, na kwa majirani aliona haya. Wakabaki kasuku.

Alikuwa ameshawazoea. Mwanzoni walimkimbia mpaka pembe ya tundu, naye akajifunza kuweka mkono ndani bila kuutikisa, ameshika shuke la ulezi, na kungoja. Yule wa kijani, aliyempa jina Andaliman kwa sababu aliuma kama pilipili ya kwao iumavyo ulimi, ndiye aliyethubutu kwanza. Wa buluu, Biru, alikuja kwa wivu. Baada ya hapo kila mchana Tiurma alifunga dirisha, akazima feni ya darini, akafunika kioo kwa kanga ya batiki, akawafungulia waruke. Aliwatengenezea bembea ya mwanzi na uzi wa tiara, akawapa maboksi ya kadi zilizoharibika wayatafune, na majani ya mchicha yenye maji wajigaragaze humo waoge. Andaliman akimaliza kuoga hupenda kukaa begani, kichwa upande, akitazama mdomo wa mtu unavyocheza. Ukinong'ona anasogea.

Basi Tiurma akamnong'oneza Kijava. Alichagua neno lililo zuri kuliko yote ya kula, akalirudia asubuhi na mchana: "Kula dhahar." Hiyo kula ya Kijava maana yake ni "mimi", tumbo lako lisikudanganye.

Andaliman alilishika. Akalitoa siku ambayo Bu Suwarni ana wageni wawili sebuleni, mlango uko wazi, kwa sauti ya kukwaruza lakini safi kabisa: "Kula dhahar! Kula dhahar!"

Wageni walitazamana, kisha mmoja akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakamcheza. Tiurma akahisi masikio yanawaka.

Walipoondoka alimfuata mama mkwe. "Kuna kosa, Bu? Amekosea?"

"Hakuna kosa, Mbak," alisema Bu Suwarni, akikusanya vikombe. "Amesema vizuri sana."

Tiurma aliingia chumbani akalia. Kilichomwuma si kicheko, ni kule kutoambiwa. Mwanao akikosea unamrekebisha. Mgeni ndiye anayesifiwa.

Yapata wiki moja baadaye alikuwa akichora, ndege wakitafuna boksi, Andaliman akasema wazi, "Kula nedha."

Kalamu ikasimama. Hakumfundisha hilo. Alilitafuta neno kamusini, ndipo akaelewa kilichowachekesha wageni: ndege alikuwa akijitukuza, sawa na mtu anayebisha hodi na kusema "mimi mheshimiwa nimefika". Sasa mtu amemshusha kitini, taratibu, bila kumwaibisha mwenye ndege. Nani?

"Ni wewe?" alimwuliza mumewe usiku ule.

"Mimi?" Prasetyo alicheka. "Kijava cha juu kinanishinda mimi mwenyewe. Nikiongea na wazee naitikia tu kwa kichwa mpaka shingo inauma."

Tiurma akaanza kuchunguza. Akaona mambo. Akirudi sokoni anakuta feni imezimwa, naye anakumbuka kuiacha ikizunguka. Tunduni kuna jani la mchicha bichi, nalo limechanwa katikati kwa ukucha, namna asivyochana yeye. Akaona ajaribu. Alimfundisha Andaliman kosa jingine, makusudi safari hii: akasema "nalala" kwa neno la kulala wanaloheshimiwa nalo wakubwa. Kisha akawa anakwenda sokoni na kukawia huko, hata kama hana cha kununua zaidi ya tempe ya soya.

Siku chache tu, ndege akalala kwa unyenyekevu, kwa lile neno la kujishusha.

Tiurma alicheka peke yake mpaka Biru akapiga mbawa. Tangu hapo ukawa mchezo. Yeye anatia kosa, mtu asiyeonekana analitoa. Mezani Bu Suwarni alibaki vile vile, "Karibu chakula, Mbak," macho kwenye bakuli la mboga. Na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika mlangoni.

Asubuhi ya kujibu habari ya nyumba, Tiurma alikuwa akibadilisha maji ya ndege. Andaliman akamrukia begani, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya chini, iliyovutwa kidogo mwishoni kama avutavyo mama mkwe, akasema:

"Wis mangan, Nduk?"

Umeshakula, binti yangu?

Kwanza Tiurma alishikwa na wivu, wivu wa kweli, juu ya ndege. Miaka miwili ameingoja ile mangan, leo imemwagwa tunduni. Kisha mkono wake ukatulia kwenye kikombe cha maji. Nduk ni mtoto wa kike. Mwanamume huitwa Le. Na mama ambaye hawezi kuacha hata kasuku akosee neno, mama aliyeinama siku ya kwanza akasema wote ni madume, hawezi kumwita dume Nduk. Kwa hiyo hakuwa akisema na ndege. Alikuwa akijizoeza.

Akaenda jikoni, Andaliman bado begani. Bu Suwarni alikuwa akikaanga tempe, amempa mgongo.

"Bado, Bu," alisema Tiurma kwa Kijava, polepole. "Kula bado sijanedha."

Mwiko ulisimama juu ya mafuta. Bu Suwarni hakugeuka upesi. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji, na alimtazama ndege kwanza.

"Huyu haweki siri," alisema.

"Hata kidogo, Bu."

Mama akapakua wali, akaweka vipande viwili vya tempe, akaongeza cha tatu. "Mangan, Nduk," alisema. Neno lilitoka limekwaruza, kama la kasuku anayeanza.

Tiurma alikaa. Alikula kwa haraka, kwa sababu hakutaka kulia juu ya chakula. Mama mkwe alirudi kwenye kikaango chake.

"Kule Sleman kuna baridi," alisema, bila kugeuka. "Ndege hawatapapenda."

"Hawatapapenda, Bu," alisema Tiurma. "Nimeshawauliza."