Kisahani Bila Kizimba

Kaka yangu ni mbishi tangu tumboni, na siku ile ubishi wake ulinitoa damu mimi kwanza.

Nilimkuta maabarani ameshafungua na kuweka kando kizimba cha chuma kinachokinga kisahani cha kioo. "Kizimba kinatikisika," akasema. "Kinavuruga mawimbi." Hapo hakusema uongo. Kwetu hata kukohoa ni marufuku: fuwele inaligawa wimbi la nyutroni, chembe za ndani ya atomu, katika njia mbili, kisha inaliunganisha tena, na mtikisiko mdogo tu unaharibu kazi yote. Kwenye njia moja kisahani kilikuwa tayari kinazunguka. Kaka aliapa kwamba kioo kikienda mbio kitalikokota wimbi, na mstari unaoonyesha wimbi kwenye skrini utasogea. Mimi nilimwambia hautasogea ng'o, maana kisahani kinazunguka papo hapo. Uso wake hausongi mbele wala haurudi nyuma, kwa hiyo wimbi halina habari nao.

"Basi naongeza kasi."

"Kikipasuka bila kizimba kitakuua, kaka. Nimwambie nini mama?"

"Mwambie nilikuwa sahihi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikarukia swichi ya kuzima. Akanidaka mkono, akausokota mpaka bega likaalika. Nikamng'ata. Akanipiga kiwiko cha mdomo, jino la mbele likatoka, nami nikamkaba kola nikambamiza ukutani, nikambamiza tena, watu wazima wenye shahada tukipigana kama mbwa wanaogombea mfupa. Akanisukumia chini ya meza, akapandisha kasi mpaka mwisho.

Mlio ukapanda, ukawa mwembamba, kisha kisahani kikapasuka. Vipande vilitoboa mlango wa bati. Kimoja kilipita kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, ukabaki unaning'inia kwa ngozi.

Nilivua mkanda wangu, nikaufunga juu ya kiwiko, nikauvuta kwa meno yaliyobaki. Nilikuwa nalia kwa hasira. Huruma ilikuja baadaye, hospitalini.

"Mstari," akanong'ona. "Umesogea?"

Nikatazama skrini. Mpaka kisahani kinapasuka, ulikuwa palepale.

"Haukusogea hata unywele."

Akafumba macho, akatabasamu, mjinga yule. "Basi jibu tunalo."

Nikamzaba kofi kwa nguvu zangu zote, kwa kiganja kilicholowa damu yake mwenyewe. Kisha nikakaza mkanda tundu moja zaidi, nikaanza kumburuta kuelekea mlangoni.