Denny Kovarik Arudi Tillman

Wanawake wa kanisa walikuwa wakikata pai za tufaha katika ukumbi wa askari wastaafu wa Tillman, Iowa, huku Seneta Royce Ambler akieleza jinsi alivyombeba mwenzake kuvuka mto kule Vietnam, risasi zikiwapita masikioni. Alikuwa anagombea urais. Alipofika pale mwenzake anapokata roho mikononi mwake, Denny Kovarik, mwenzake huyo, aliingia kwa mlango wa jikoni, ana umri ule ule aliofia, sare imelowa mpaka shingoni. Akaketi nyuma. Mama mmoja alimpelekea pai, mwingine akaleta dekio.

"Habari za siku, Denny?" aliuliza mzee aliyekuwa kocha wake wa mpira shuleni.

"Nzuri, kocha. Nimelowa tu."

Jirani alimpigia simu Arlene, dada yake mdogo Denny, mwenye saluni mtaa wa pili. Arlene alikuja na aproni yake, nywele zake zenyewe zimeshakuwa nyeupe.

"Umezeeka," Denny alimwambia.

"Na wewe umekawia." Arlene akavuta kiti. "Ni kweli huyu alikubeba?"

"Mimi ndiye niliyembeba. Alikuwa amepigwa mguuni. Nikamfikisha ng'ambo, nikarudi kumchukua Pruitt, mwenzetu mwingine. Sikufika."

"Mbona medali akapewa yeye?"

"Medali wanapewa wanaorudi, Arlene."

Vita vilipoisha, Royce alikuja nyumbani kwao na medali kifuani, akakaa kwenye meza ya mama yao, akamsimulia habari za mto. Mama alimpa koti la Denny la baridi kwa shukrani. Alimwombea kila Jumapili mpaka mama naye akafa.

Arlene alisimama. "Seneta, kaka yangu anasema yeye ndiye aliyekubeba."

Seneta alimtazama Denny, akanywa maji.

"Denny," alisema, "karibu nyumbani."

Watu wote wakasimama, wakapiga makofi. Arlene alingoja wamalize apate jibu lake, lakini makofi yalipopungua bendi ilianza kupiga.

Paige, msichana aliyesimamia misafara ya Seneta, alimfuata Denny kwa adabu, akamwomba waongozane miji mingine. "Watu wamekupenda sana," alisema.

"Usiende," Arlene alimwambia kaka yake.

"Nimekaa mtoni muda mrefu, dada. Basi lao lina hita."

Akaenda. Majira yale yote Arlene alimwona kwenye televisheni, ameketi jukwaani nyuma ya Seneta juu ya taulo iliyokunjwa. Hotuba nayo ilikuwa imerekebishwa. "Tulibebana," Seneta alisema sasa, na wanaume wazima wakafuta machozi. Wiki ya kwanza Arlene alipiga simu ofisi za kampeni kila asubuhi. Walimjibu vizuri, wakamtumia kofia.

Jumanne ya uchaguzi, mchana, Denny aliingia saluni. Mteja mmoja alisogea kumpisha. Arlene alimkalisha chini ya mashine ya kukaushia nywele, akamfunga taulo shingoni kama alivyokuwa akifanya mama yao walipotoka kuoga.

"Kwa nini hukusema kule?" aliuliza.

"Nilisema. Wakanipigia makofi."

"Ungerudia."

"Nilirudia Ohio. Wakapiga zaidi."

Arlene alimchana. Nywele zilikuwa na mchanga, akaupangusia sakafuni.

"Umeshapiga kura?" Denny aliuliza.

"Sipigi. Nimpe nani, huyo mwongo?"

"Mpe Royce."

Arlene alisimamisha kitana. "Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

"Yule mgombea mwingine, baba yake alimtafutia daktari, akaandikiwa kwamba ana ugonjwa wa mgongo. Hakwenda vitani kabisa." Denny alifumba macho, akiota joto. "Royce alikwenda."

Arlene alimaliza kumkausha. Akavua aproni, akavaa koti, akaenda kumpigia kura Royce Ambler.